Bima kabla ya Novemba: Tabora ikate karatasi au inunue misumari?

Mvua za msimu mkoani Tabora huanza Novemba na kumalizika Aprili. Kabla hazijaanza, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri wa msimu, na Tabora huwekwa fungu moja na Kigoma na Katavi. Utabiri ukishatoka, ushauri wa namna mbili huzunguka mjini. Wakala wa bima anasema: toa mkataba wako kabatini uusome, na kama huna, kata sasa. Fundi wa paa anasema: hela hiyo nunua misumari na mbao. Wote wawili wana kitu cha kuuza, kwa hiyo si dhambi kuwasikiliza kwa sikio moja. Hata hivyo kila mmoja ana hoja ya kweli, na mabishano yao hayaishi kwa sababu wanazungumzia hasara mbili tofauti kana kwamba ni moja.

Tuanze na hali ya hewa yenyewe. Tangu Mei hadi Oktoba Tabora haipati mvua ya kutajwa. Ardhi inakauka, mbao za kenchi, yaani fremu zinazobeba paa, zinakauka na kupinda, misumari inalegea, na mitaro ya Ng'ambo, Isevya na Cheyo inajaa mchanga, majani na mifuko. Kisha mawingu ya kwanza yanakuja na hasira. Joto la Oktoba hupandisha hewa juu alasiri, wingu linakua haraka, na likianza kumwaga, hewa baridi hushuka kwa kishindo na kusambaa ardhini kama upepo mkali. Vumbi linatangulia, mvua inafuata. Ndiyo maana katika taarifa za maafa za mikoa yetu, mwanzo wa msimu hutawaliwa na mapaa yaliyoezuliwa na radi, na mafuriko hufuata baadaye, ardhi ikishashiba maji.

Hali hiyo inatufanya tufanane kidogo na watu wa jangwani, ingawa Tabora si jangwa: ni nchi ya miombo inayopata karibu milimita 900 za mvua kwa mwaka. Mji wa Phoenix, jimbo la Arizona nchini Marekani, hupata wastani wa milimita 180 hivi, yaani moja ya tano ya mvua yetu. Lakini huko nako kuna msimu wa dhoruba, uliowekwa rasmi kuanzia Juni 15 hadi Septemba 30, wenye kuta za vumbi, upepo wa ghafla na maji yanayokimbia juu ya ardhi ngumu isiyonyonya. Wakazi wake hushauriwa kila mwaka wazisome upya bima zao kabla ya Juni, na sababu yake inafaa kujulikana hapa.

Bima ya kawaida ya nyumba kule hulipa upepo ukiezua paa, na hulipa mvua iliyoingia kupitia tundu ambalo upepo huo umelitoboa. Maji yaliyopanda kutoka chini, yaani ya mtoni, mtaroni au barabarani, hailipi. Hayo yana bima yake, ambayo kwa sehemu kubwa hutolewa kupitia mpango wa serikali ya Marekani ulioanzishwa mwaka 1968, na kwa kawaida haianzi kufanya kazi hadi zipite siku 30 tangu kuinunua. Anayekumbuka akiwa ameshaliona wingu amechelewa. Mpango huohuo hulipa tope linalotiririka na maji, lakini haulipi mlima ukiporomoka. Kwa mtu aliyepoteza nyumba tofauti hiyo ni ya kukatisha tamaa, ila ndani ya mkataba ndiyo inayoamua kila kitu.

Dubai ilipata somo la aina nyingine. Tarehe 16 Aprili 2024 Falme za Kiarabu zilinyeshewa mvua kubwa kuliko zote tangu kumbukumbu zianze kuwekwa mwaka 1949. Eneo la Al Ain lilipata zaidi ya milimita 250 ndani ya saa zisizofika 24. Magari mengi yalikwama na kuzama. Waliokuwa na bima kubwa, inayolipa hata gari la mwenyewe, walikuwa na mahali pa kupeleka madai. Wenye bima ndogo, ile ya kufidia watu wengine tu, hawakuwa na cha kudai kwa gari lao wenyewe, maana bima hiyo haikuandikwa kwa ajili hiyo.

Sasa turudi nyumbani. Hapa kwetu mtu wa kawaida akisema ana bima ya nyumba, mara nyingi anamaanisha bima ya moto. Mkataba wa msingi wa moto hulipa moto, radi na baadhi ya milipuko. Dhoruba, mafuriko, tetemeko la ardhi na bomba kupasuka ni nyongeza, na nyongeza huandikwa moja moja na kulipiwa. Wengine wanazo kwenye mkataba wao, wengine hawana, na mwenye mkataba mara nyingi hajui yuko upande gani, kwa kuwa alichopewa ni karatasi ya kurasa nyingi kwa Kiingereza na risiti. Akaiweka pamoja na hati ya kiwanja. Hapo wakala ana haki ya kusema uisome mwezi wa kumi.

Ukiisoma, tafuta kwanza mahali dhoruba ilipotenganishwa na mafuriko. Chukua nyumba ya Kiloleni iliyoezuliwa bati sita usiku, mvua ikaingia ikaharibu dari, kabati na televisheni: hiyo ni dhoruba. Chukua jirani yake ambaye paa limesimama imara, lakini mtaro wa barabara umeziba na maji yakapitia mlangoni hadi magotini: hayo ni mafuriko. Usiku mmoja, mvua moja, na inawezekana mmoja akalipwa na mwingine asilipwe, wote wakiwa wamekata kwenye kampuni ileile kwa ada ileile. Kuna na wa tatu, ambaye bati zake zilikuwa na kutu na matundu ya zamani, maji yakadondoka. Huyo ataambiwa ni uchakavu, na kwa haki kabisa. Bima hulipa tukio la ghafla. Kilichooza pole pole ni kazi ya mwenye nyumba.

Neno hilo la ghafla lina uzito kuliko tunavyolichukulia. Wenzetu wa Kigoma wanalijua. Ziwa Tanganyika lilipopanda miaka ya kuanzia 2020, nyumba na mialo ya ufukweni ilimezwa na maji, na hata miundombinu ya bandari iliguswa. Ziwa hilo lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga upande wa Kongo, kwa hiyo likijaa hushuka taratibu sana. Maji yanayopanda kidogo kidogo kwa miezi, kila mtu akiyaona, ni vigumu sana kuyaingiza kwenye mkataba uliotungwa kwa ajili ya tukio la usiku mmoja. Mtu wa Ujiji mwenye nyumba ya ufukweni hasaidiwi na wakala mzuri. Anachohitaji ni kiwanja kingine. Nakiri ni jawabu la kikatili, ila ni afadhali kuliko kumuuzia karatasi isiyomlipa.

Jambo la pili la kutafuta kwenye mkataba ni thamani iliyoandikwa. Hapa ndipo ninapoona watu wengi wakiumia bila kudhulumiwa na mtu. Chukua nyumba ambayo kuijenga upya leo ni shilingi milioni 60. Mwenyewe, ili kupunguza ada, aliikatia bima ya milioni 30. Dhoruba ikaleta hasara ya milioni 8. Atafikiri: milioni 8 ni ndogo kuliko 30, nitalipwa zote. Mikataba mingi ya mali haihesabu hivyo. Inasema umejikinga kwa nusu, basi kila hasara tunakulipa nusu: milioni 4. Kutoka humo hukatwa kile kiasi ambacho mwenye mali hukibeba mwenyewe katika kila tukio. Anatoka na milioni tatu na kitu, na jina la kampuni linatukanwa mtaa mzima. Bei ya saruji, nondo na bati haikai mahali pamoja, kwa hiyo thamani iliyokuwa sahihi miaka mitano iliyopita leo huenda ni nusu bila mtu kudanganya. Kuipitia kila Oktoba ni kazi ya nusu saa.

La tatu linawahusu waliokopa benki kwa dhamana ya nyumba. Benki inapodai nyumba ikatiwe bima, inalinda kwanza fedha yake. Jina lake huandikwa kama mnufaika wa kwanza, na pengine mkataba ulikatwa kupitia dirisha la benki hiyohiyo siku ya kusaini mkopo, katikati ya rundo la karatasi. Mkopaji analipa ada kila mwaka bila kuushika mkataba wenyewe. Omba nakala. Angalia kama dhoruba na mafuriko vimo, angalia kama vyombo vya ndani vimo (kwa kawaida havimo), na angalia kama bima inaendelea mkopo ukiisha. Kuna watu wanadhani nyumba yao imekingwa, kumbe kilichokingwa ni deni.

Hadi hapo wakala ameshinda. Lakini hebu fundi naye aseme yake, maana yana uzito.

Mchango wa bima katika pato la taifa la Tanzania ni takriban asilimia 2 tu, na sehemu kubwa ya hiyo iko Dar es Salaam na miji mikubwa. Mtu wa Uyui au Sikonge asiye na bima si mjinga wala mkaidi. Nyumba yake huenda ni ya tofali za tope au za kuchoma zilizojengwa kwa udongo, kwenye kiwanja kisicho na hati. Kampuni nyingi hazitaki kuikinga nyumba hiyo, au zitaikinga kwa masharti ambayo hayamfai. Ukuta wa tope ukilowa huanguka, na kampuni inalijua hilo kama anavyolijua yeye. Kumwambia huyu apitie bima yake kabla ya mvua ni kumpotezea muda.

Mwenye nyumba ya kudumu naye ana hesabu yake. Ada ya bima ya nyumba kwa kawaida haifiki asilimia moja ya thamani yake kwa mwaka, kwa hiyo haiwezi kuitwa ghali ukiilinganisha na hasara kamili. Lakini nyumba nyingi hazipati hasara kamili. Hasara ya kawaida ya dhoruba ni bati kadhaa, dari, na siku chache za kulala kwa ndugu. Hasara hiyo kwa sehemu kubwa inazuilika. Upepo hauli paa kutoka juu peke yake. Huingia chini ya upenu na kupitia dirisha lililo wazi, ukasukuma kutoka ndani huku ule unaopita juu ukinyonya. Upenu mrefu wa baraza ndio unaonyanyuka kwanza, na ukishanyanyuka unavuta vingine. Dawa yake inajulikana kwa mafundi wote: kenchi ifungwe kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya ukuta) kwa nondo au waya mzito uliozamishwa kwenye zege, si kuwekwa juu ya ukuta na kusubiri rehema, papi (mbao zinazopigiliwa bati) zisiachane mno, misumari yenye kofia iwe mingi zaidi kwenye kingo za paa na upenu, bati iwe ya geji 28 badala ya 30 kama mfuko unaruhusu, kwani kadiri namba inavyopungua ndivyo bati linavyokuwa nene. Fundi anaimaliza kazi hiyo kwa siku moja au mbili, na inadumu miaka. Ada ya bima mwaka ukiisha imekwenda.

Kuna pia suala la kudai. Hasara ikitokea, kampuni hutaka taarifa mapema, picha, risiti za vilivyoharibika, na kama ni moto au radi, ripoti ya Zimamoto au polisi. Inaweza kutaka uthibitisho wa TMA kwamba siku hiyo kweli kulikuwa na dhoruba. Kisha mtathmini wa hasara anakuja. Kwa mtu wa mjini hayo ni usumbufu. Kwa mtu wa Kaliua mwenye paa wazi na mvua ikiendelea ni mateso, maana akiezeka upya kabla mtathmini hajafika anaogopa kuambiwa ameharibu ushahidi. Kwa kweli mikataba humtaka mwenye mali azuie hasara isiongezeke, kwa hiyo kufunika paa kwa turubai hakukatazwi. Piga picha kwanza, tunza bati zilizong'oka, kisha funika. Lakini ni nani aliyemweleza hivyo siku anakata? Nauli ya kwenda na kurudi mjini kufuatilia dai la laki tano ikifika laki moja, si ajabu watu wakasema bima ni ya matajiri.

Halafu kuna msaada usioandikwa. Vikundi vya kufa na kuzikana, vikoba, ndugu na majirani hujenga upya paa la mwenzao haraka kuliko kampuni yoyote. Siudharau mfumo huu. Udhaifu wake ni mmoja lakini mkubwa: hufanya kazi janga likiwa la mtu mmoja. Dhoruba ikipita juu ya kijiji kizima, mwenyekiti wa kikundi, mweka hazina na wanachama wote wako bila paa usiku huohuo. Kampuni ya bima iliyotawanya wateja wake mikoa yote haina tatizo hilo. Watu wa Katesh, mkoani Manyara, wanaijua hali ya namna hiyo tangu Desemba 3, 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang yalipoteremka juu ya mji wao. Jirani wa kukusaidia naye alikuwa ndani ya tope.

Na Tabora haiwezi kuzungumziwa bila dini. Mji huu umekua na misikiti yake tangu enzi za misafara, na Waislamu wengi wanaikwepa bima ya kawaida kwa sababu ya riba na kwa sababu ya kununua jambo lisilojulikana. Hoja yao haijibiwi kwa takwimu. Inajibiwa na takaful, ambapo wanachama huchangiana kwenye mfuko na ziada huwa yao, na ambayo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA) imeshaiwekea mwongozo. Anayeizuia nafsi yake kwa sababu hiyo anapaswa kuuliza takaful kabla ya kuhitimisha kwamba mlango umefungwa.

Kwa nyumba ya kuishi, basi, ninaegemea kwa fundi: kwanza funga kenchi, zibua mtaro, kata tawi la mwembe lililolala juu ya bati. Bima baadaye, na iwe ya thamani kamili, yenye kiasi kikubwa cha kujibebea mwenyewe ili ada ishuke. Hasara ndogo jilipie. Bima iwe ya siku nyumba nzima inapokwenda.

Nikivuka kwenda shambani, mizani inageuka, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa uchumi wa mkoa huu bado umelala juu ya jani la tumbaku. Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui wanaishi nalo. Mkulima huotesha miche wakati wa kiangazi, huihamishia shambani mvua zikianza, na huchuma majani kuanzia katikati ya msimu. Mbolea, dawa na pembejeo nyingine huzichukua kwa mkopo kupitia chama chake cha ushirika cha msingi, AMCOS, na mkopo hukatwa sokoni. Maana yake ni kwamba kati ya Novemba na Machi mkulima ana deni kamili na mazao nusu, na ni katika miezi hiyohiyo mvua ya mawe hunyesha.

Mahindi yakipigwa na mawe yakiwa madogo huweza kuchipua tena, na gunzi lililokomaa limefunikwa na maganda. Kwenye tumbaku kinachouzwa ni jani lenyewe. Dakika kumi za mawe huliacha limetoboka na kuchanika, na hata likikaushwa vizuri kwenye bani, daraja lake limeshuka. Hakuna msumari wala mtaro wa kuzuia hilo. Fundi hapa hana la kusema. Hasara haizuiliki, ni kubwa kuliko akiba ya kaya, na nyuma yake kuna deni linalosubiri. Ukitaka mfano wa kitu ambacho bima iliumbwa kwa ajili yake, ni huu.

Mazingira nayo yamebadilika. Mwaka 2023 kampuni za bima ziliunda muungano wa pamoja wa bima ya kilimo, TAIC, ili hasara kubwa isibebwe na kampuni moja, na bima ya mazao imeondolewa kodi ya VAT. Ada inaweza kukatwa kwa pamoja kupitia AMCOS, jambo linalopunguza gharama za kumfuata mkulima mmoja mmoja.

Hapohapo kwenye kukatwa kwa pamoja ndipo penye shida. Mkulima anaiona ada kama mstari mmoja kati ya makato mengi, bila kuujua mkataba. Akipigwa na mawe hajui amwambie nani, ndani ya siku ngapi, na kama anaruhusiwa kuendelea kuchuma majani yaliyobaki kabla ya tathmini. Viongozi wa ushirika nao wakati mwingine hawajui, na wanaogopa kuulizwa. Mkutano wa wanachama unaokaa Septemba au Oktoba ungepaswa kusomewa mambo machache kwa Kiswahili: mkataba unalipa mawe tu au na ukame na mafuriko, hasara ianzie asilimia ngapi ndipo mtu alipwe, fidia inahesabiwa kwa gharama za pembejeo au kwa thamani ya mavuno, na nani analipwa kwanza, mkulima au mkopeshaji. Swali la mwisho ni la kifedhuli kidogo, ila ndilo muhimu kuliko yote. Bima inayomlipa mkopeshaji peke yake haina ubaya, kwani deni nalo ni mzigo. Mradi isielezwe kwamba ni bima ya mkulima wakati mkulima hatagusa senti.

Wengine wanapendekeza bima inayofuata vipimo vya hali ya hewa, ambapo malipo hutoka pale kipimo cha satelaiti au cha kituo kinapoonyesha mvua imepungua chini ya kiwango fulani. Haina mtathmini, haina picha, haina safari za mjini. Kwa ukame ni nzuri, hasa Igunga na Nzega ambako mvua ni ya wasiwasi zaidi kuliko Urambo. Kwa mawe haifai. Wingu la mawe hupita kwenye ukanda mwembamba. Shamba la huyu linasagwa na la pili yake linabaki kijani. Kipimo kilichoko mbali hakitaona chochote. Kwa hiyo tumbaku itaendelea kuhitaji mtu wa kufika shambani na kuhesabu majani, na gharama ya mtu huyo ndiyo inayoipandisha ada. Anayeahidi bima ya mawe ya bei rahisi bila ukaguzi wa shamba aulizwe atajuaje.

Mfanyabiashara wa duka yuko karibu na mkulima kuliko anavyofikiri, hasa akiwa na mzigo wa mkopo. Mikataba mingi ya bidhaa ina sharti kwamba mali ipangwe juu ya chaga, sentimita kadhaa kutoka sakafuni. Magunia ya sukari na saruji yakikutwa yamelala chini siku maji yameingia, dai limekufa. Hapa bima na fundi wanasema kitu kimoja, kwa hiyo hakuna cha kubishania: nunua mbao, tengeneza chaga. Mpangaji wa fremu akumbuke pia kwamba bima ya mwenye jengo hailindi mali yake.

Magari nitayapita haraka. Bima ndogo inatosha kumridhisha trafiki na kumfidia uliyemgonga. Mti ukiangukia gari lako Mtaa wa Shule, ni wewe na mti. Mwenye gari alilolikopea anunue bima kubwa na ahakiki kwamba mafuriko hayakuondolewa. Na asiendeshe kuingia kwenye maji asiyoyajua kina, kwani injini iliyovuta maji kwa sababu dereva aliamua kujaribu bahati ni ubishi mrefu sana na kampuni. Stika ihakikiwe kwenye mfumo wa TIRA siku hiyohiyo ya kununua, dukani kwa wakala, kabla ya kuondoka.

Kilichobaki ni muda. Bima ya mazao huwa na tarehe ya mwisho ya kuinunua kabla ya msimu, na kampuni inaweza kutaka kuikagua nyumba kabla ya kuikubali. Ikikuta paa bovu itasema litengenezwe kwanza. Pia hakuna bima inayoanza kabla ada haijalipwa, hata kama wakala ni rafiki na amesema "tutamalizana". Mwenye kutaka vyote viwili, kenchi na karatasi, aanze na fundi Septemba, amwite wakala Oktoba mapema, na wakala anapokuja amuonyeshe paa lililofungwa na kudai ada ipungue kwa sababu hiyo. Baadhi watakataa. Pale mjini kuna zaidi ya wakala mmoja.